SEWA HAJI WA BAGAMOYO: TAJIRI ALIYEKUWA BENKI YA MRIMA

Katika kurasa nyingine za kitabu hiki mtasoma habari za miaka kumi ya Chama chetu: habari za maghala na mizani, habari za korosho, ufuta na nazi, na mahesabu ya fedha kama yalivyokaguliwa. Kamati ya Sherehe ilituagiza tuongeze habari ya maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani, mtu wa pwani hii yetu, ambaye mkulima wa Zinga, Mlingotini, Kerege au Kiromo aweza kupata fundisho kwake. Tumemchagua Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo.

Huenda baadhi yenu mkashangaa. Sewa Haji hakuwa mkulima, wala hakuwa mwanaushirika. Alikuwa tajiri, na siku zake ushirika kama tunaoujua haukuwa umefika kwetu. Lakini kabla mlango wa benki yo yote haujafunguliwa Bagamoyo, yeye ndiye aliyekuwa benki. Aliyetaka mali ya kwenda bara alimwendea yeye, na aliyerudi kutoka bara na pembe alimwendea yeye pia. Nasi katika kila mkutano mkuu twaulizana swali lile lile lililoulizwa barazani kwake: ni nani atakayetukopesha kabla ya mavuno, kwa masharti gani, na hazina hiyo itakuwa ya nani mwenyewe akiondoka? Kwa sababu hiyo maisha yake yanatuhusu sana.

KUZALIWA NA UKOO WAKE

Sewa Haji alizaliwa mwaka wa 1851. Jamaa zake walikuwa Waismailia wa asili ya Kutch, upande wa magharibi ya India, nao walikuja Unguja kwa majahazi yaliyosukumwa na upepo wa kaskazi, kama walivyokuja wafanya biashara wengi wa nchi ile. Baba yake, Haji Kanji, alifungua duka Unguja katika miaka ya 1850, na baada ya miaka michache akafungua jingine Bagamoyo, ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari. Sewa alipopata umri wa miaka kumi na minane hivi aliingia katika biashara ya baba yake. Baadaye wakubwa wake walipofariki, kazi yote ikawa mikononi mwake naye angali kijana.

Tukumbuke kwamba siku zile Unguja ndiyo iliyokuwa soko kubwa la nchi zote za mashariki ya Afrika. Wamarekani walifanya mkataba wa biashara na Sultani mwaka wa 1833, na kitambaa chao cheupe kikapendwa sana bara, hata watu wakakiita merikani mpaka leo. Fedha kubwa za Unguja zilikuwa katika nyumba chache za Wahindi. Nyumba ya Jairam Shivji ilikodi ushuru wa forodha wa Sultani kwa miaka mingi, na baadaye Taria Topan akaishika kazi hiyo. Nyumba hizo ziliwakopesha wafanya biashara wa Mrima, na hao nao wakawakopesha wasafiri wa bara. Sewa Haji alikuwa kiungo kimoja katika mnyororo huo mrefu, lakini alikuwa kiungo kilichokaa mahali pake hasa, pale ambapo bahari inakoma na njia ya miguu inaanza.

BAGAMOYO YA WAKATI ULE

Wazee wetu walitusimulia habari za Bagamoyo ya misafara. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, walishuka kutoka bara kwa maelfu. Kila mmoja alibeba mzigo wa ratili sitini au sabini, yaani kilo thelathini hivi, juu ya posho yake, mkeka wake na chungu chake cha kupikia. Walivuka mto Ruvu, ambao wasafiri wa siku zile waliuita Kingani, wakaingia mjini kwa ngoma na baragumu, wakatua mizigo. Njia ya kwenda Ujiji ilikuwa ndefu kupita kilometa elfu moja, na mtu mwenye afya aliitembea kwa miezi mitatu au zaidi, kama hakukuta vita wala njaa wala ndui.

Zinga na vijiji vya jirani vilikuwa karibu na mji huo, na si vigumu kuelewa faida yake kwa mkulima. Umati wa wapagazi waliokaa mjini wiki nyingi wakingoja mizigo ulihitaji mtama, muhogo, nazi na samaki. Hata leo mzee akisema kwamba shamba fulani ni la zamani sana, huenda minazi yake ya kwanza ilipandwa na watu waliolilisha soko lile.

NAMNA MKOPO WA TAJIRI ULIVYOFANYA KAZI

Yafaa tueleze jambo hili kwa taratibu, maana ndani yake mna fundisho kubwa.

Mfanya biashara aliyetaka kwenda Unyanyembe, Ujiji au Manyema hakuweza kwenda mikono mitupu. Bara riale ya fedha haikununua chakula. Kilichonunua ni gora za merikani na kaniki, ushanga wa rangi iliyopendwa katika nchi ile, masango ya shaba, na mara nyingi bunduki na baruti. Vitu hivyo vilikuwa vya gharama kubwa, nao wafanya biashara wengi, Waarabu na Waswahili, hawakuwa na fedha ya kuvinunua. Basi walikwenda kwa tajiri. Tajiri aliwapa mali yote, akaandika katika daftari, naye msafiri akatia sahihi au alama yake mbele ya mashahidi. Baada ya mwaka mmoja, miwili au mitatu msafiri alirudi, akampa tajiri pembe za ndovu kwa frasila, na deni likafutwa.

Faida ya tajiri ilikuwa wapi? Dini ya Kiislamu inakataza riba, na wengi wa waliokopa walikuwa Waislamu. Kwa hiyo faida haikuandikwa peke yake. Ilikaa ndani ya bei. Mali aliyopewa mkopaji ilihesabiwa kwa bei kubwa kupita bei ya soko, na pembe aliyoirudisha ilihesabiwa kwa bei ndogo. Kati ya bei hizo mbili ndipo alipoishi tajiri. Mkopaji aliyefanikiwa alilipa, akabaki na kidogo, akakopa tena. Aliyeshindwa alibaki bara miaka mingi akimkimbia mdai wake, na wapo waliofia huko.

Lakini haki itutake tuseme na upande wa pili. Tajiri naye aliweka mali yake katika hatari kubwa. Hapakuwa na bima, wala barua ya haraka, wala mahakama ambayo nguvu zake zilifika Tanganyika. Msafara ungeweza kuporwa, wapagazi kutoroka, mkopaji kufa kwa homa. Kwa hiyo kazi ya tajiri ilikuwa hasa kazi ya kuwajua watu. Sewa Haji alipaswa kujua ni nani mwaminifu, jamaa zake ni akina nani, njia gani imefungwa kwa vita, na mwaka huu ushanga upi unatakiwa Ugogo. Elimu hiyo haikuandikwa katika kitabu cho chote. Ilikuwa kichwani mwake, na kwa sababu hiyo wengine walishindwa kushindana naye.

Zaidi ya mikopo alikuwa na kazi ya kuwaandika wapagazi. Mgeni aliyefika kutoka Ulaya hakujua lugha wala bei. Alikwenda kwa Sewa Haji, naye akampatia wapagazi, kirangozi, askari wa safari na vitambaa vya njiani, vyote kwa mkataba mmoja. Miaka ilipopita ikawa vigumu kufunga safari kubwa kutoka Bagamoyo pasipo kupita mlangoni kwake.

STANLEY NA KIJANA WA BAGAMOYO

Katika mwezi wa Februari mwaka wa 1871 alifika Bagamoyo mwandishi wa gazeti la New York, Henry Morton Stanley, aliyekuwa njiani kumtafuta Dr. Livingstone. Huko Unguja Taria Topan alikuwa amemwelekeza kwa kijana Sewa Haji, ambaye wakati huo hakuwa amepita miaka ishirini. Stanley aliigawa safari yake katika misafara mitano, na kijana huyo alikuwa na kazi ya kumpatia wapagazi.

Hawakupatana. Stanley aliharakisha, maana aliogopa masika yatamkuta njiani, naye kijana hakuona sababu ya kuharakisha. Ukatokea ugomvi juu ya idadi ya wapagazi na juu ya fedha na nguo alizodaiwa. Katika kitabu alichokitoa baadaye Stanley alimweleza kuwa mjanja na mdanganyifu, akaliandika jina lake kwa namna ya kulipotosha. Msafara wake wa mwisho ulitoka Bagamoyo katika mwezi wa Machi, na katika mwezi wa Novemba mwaka ule ule alikutana na Livingstone Ujiji.

Sisi hatukuwapo, na twalisikia shauri hili kwa mdomo wa upande mmoja tu, maana Stanley aliandika kitabu na Sewa Haji hakuandika. Lakini hapana budi kusema kwamba jambo lenyewe si la ajabu. Palipo na mtu mmoja tu mwenye mizani na daftari, na wengine wote hawana pa kwenda, ugomvi wa hesabu haukosi kutokea. Hata mtu mwaminifu atashukiwa, kwa kuwa hakuna wa kumkagua. Wanachama wetu wanaouliza kila mara kwa nini twatumia fedha kwa wakaguzi wa mahesabu wapate jibu hapa.

JAMBO AMBALO HALIFAI KUFICHWA

Hatupendi kuandika habari za mtu kana kwamba alikuwa malaika. Biashara ya misafara ilikuwa na machungu yake. Pembe zilishuka pwani pamoja na minyororo ya watumwa kwa miaka mingi. Mwaka wa 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, lakini biashara yenyewe haikukoma siku ile. Baruti iliyouzwa pwani ilitumika bara katika vita vya kuteka watu. Hatusemi kwamba Sewa Haji aliuza watumwa. Twasema kwamba daftari la tajiri liliuliza pembe ni frasila ngapi, halikuuliza zilipatikana namna gani. Kila mtu aliyekula faida ya njia ile, na miji ya pwani yote ilikula, alikuwa na sehemu yake katika jambo hilo.

Huenda Sewa Haji mwenyewe aliyafikiri hayo alipokaribia mwisho wa maisha yake. Moyo wa mtu haufunguliwi. Twaweza kutazama tu matendo yake.

WAJERUMANI WAINGIA

Katika mwaka wa 1888 kampuni ya Wajerumani ilichukua utawala wa pwani kwa mkataba na Sultani, na papo hapo watu wa pwani wakaondoka kupigana, wakiongozwa na Abushiri bin Salim huku Pangani na Bagamoyo, na Bwana Heri huko Saadani. Bagamoyo iliona mapigano, nyumba zikaungua, na biashara ya bara ikakatika. Abushiri alinyongwa Pangani katika mwezi wa Desemba 1889. Mwezi ule ule Stanley alifika tena Bagamoyo, akitoka kumleta Emin Pasha, na mji aliouona haukuwa ule wa mwaka wa 1871.

Tangu tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani yenyewe ilishika nchi, na makao makuu yakahamishwa kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Wafanya biashara wengi waliona giza mbele. Lakini serikali mpya nayo ilihitaji wapagazi wa kuwapelekea askari na maofisa mizigo bara, kama Stanley alivyowahitaji, na aliyejua kuwapata alikuwa Sewa Haji. Kwa hiyo katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Kijerumani mali yake haikupungua. Alikuwa na nyumba na viwanja Bagamoyo na Dar es Salaam, na jina lake lilijulikana tangu Unguja mpaka maziwa makuu.

SHULE NA HOSPITALI

Sasa twafika kwenye sehemu ya maisha yake inayokumbukwa zaidi.

Sewa Haji alijenga Bagamoyo nyumba kubwa ya ghorofa, akaitoa iwe shule. Shule hiyo, iliyofunguliwa mwaka wa 1896, haikuwa ya kabila moja wala ya dini moja. Mtoto wa Kiafrika, wa Kihindi na wa Kiarabu waliweza kukaa humo pamoja. Wasomaji vijana hawataona jambo kubwa hapo, lakini wazee waliosoma wakati wa ukoloni watakumbuka kwamba hata miaka hamsini baadaye shule za nchi hii zilikuwa zimegawanywa kwa rangi za watu. Mtu aliyezoea kuwaandika watu wa kila namna katika daftari moja la wapagazi aliwaandika watoto wa kila namna katika daftari moja la shule.

Pamoja na hayo alitoa mali kwa ajili ya hospitali ya Dar es Salaam ambayo wagonjwa wa Kiafrika na wa Kiasia wangetibiwa, na kwa ajili ya wakoma na maskini. Hospitali ilijengwa mwaka wa 1897, ikaitwa kwa jina lake. Wazungu walikuwa na hospitali yao ufukoni mwa bahari. Hospitali ya Sewa Haji ndiyo iliyokuwa ya wananchi kwa karibu miaka sitini, mpaka ilipofunguliwa hospitali ya Princess Margaret mwaka wa 1956, ambayo baada ya Uhuru ilipata jina la Muhimbili. Na katika Muhimbili jina la Sewa Haji limebaki katika jengo moja la wodi. Wako wanachama wetu waliolazwa humo, wakatoka wazima, wasijue kwamba jina lililoandikwa mlangoni ni la mtu wa Bagamoyo.

KUFARIKI KWAKE NA MWISHO WA NYUMBA YAKE

Sewa Haji alifariki Unguja mwaka wa 1897, umri wake ukiwa miaka arobaini na sita tu. Hapo ndipo habari yake inapotugusa sisi watu wa ushirika.

Nyumba ya biashara iliyowakopesha watu wa njia nzima ya bara haikuweza kusimama bila yeye. Majengo na viwanja alivyoviacha kwa wasia viliwekwa mikononi mwa serikali ya Ujerumani, ili mapato yake yatumiwe kwa kazi za huruma alizozitaja. Na biashara ya misafara ilichukuliwa na mtu aliyekuwa amefanya kazi chini yake, Allidina Visram, aliyekuja pwani hii akiwa kijana mdogo. Wateja, njia na desturi za mkopo vilihamia kwa bwana mpya. Wakopaji hawakuulizwa. Mtu aliyelala akiwa mdaiwa wa Sewa Haji aliamka akiwa mdaiwa wa mwingine.

Allidina Visram alikuwa mtu hodari sana. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896, aliifuata kwa maduka, kituo baada ya kituo, akafika Uganda na kuwa mfanya biashara mkubwa kupita wote huko. Mahali ambapo hapakuwa na benki, maduka yake yalipokea na kulipa fedha, hata maofisa wa serikali wakayatumia. Alifariki mwaka wa 1916. Mwanawe alijenga shule Mombasa kwa jina la baba yake, lakini baadaye mwana naye alifariki, na ile biashara kubwa ikavunjika. Kwa mara ya pili benki ya mtu mmoja ilikwenda na mwenyewe.

Bagamoyo yenyewe ilipoteza kazi yake. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka wa 1905, ikafika Morogoro mwaka wa 1907, Tabora mwaka wa 1912 na Kigoma mwaka wa 1914. Mzigo wa mpagazi ukapakiwa katika behewa. Katika mwaka ule wa 1905 benki ya Kijerumani ya Afrika Mashariki iliundwa, ikatoa noti za rupia. Tangu hapo mkopo ukawa jambo la ofisi na la karatasi zenye mhuri, na mkulima mdogo hakuwa na la kuonyesha katika ofisi ile.

FUNDISHO KWETU

Ndugu Wanachama, tangu siku zile mpaka leo mambo mengi yamepita. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza chama chao mwaka wa 1925, sheria ya vyama vya ushirika ikapatikana mwaka wa 1932, na baada ya Uhuru ikaundwa benki ya ushirika ya nchi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967 mabenki yalitaifishwa, na benki hiyo nayo ikaingizwa katika Benki ya Taifa ya Biashara. Mwaka wa 1976 vyama vikuu vya ushirika vyenyewe vilivunjwa, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka wa 1982. Baadaye wakulima wa Kilimanjaro na wa Kagera walijaribu tena kuwa na benki zao za mkoa, kila mkoa ya kwake. Ile ya Kagera ilinyang'anywa leseni mwezi wa Januari 2018, pamoja na benki nyingine ndogo nne, kwa kuwa mtaji wake ulikuwa umepungua kupita kiasi. Ile ya Kilimanjaro ilivuka shida zake, ikaunganishwa na benki ya jamii ya Tandahimba, na kutoka humo ikatoka Benki ya Ushirika Tanzania iliyozinduliwa Dodoma tarehe 28 Aprili 2025.

Msomaji ataona kwamba benki hizo zote zilimezwa au zilifungwa au ziliunganishwa, kama ilivyokuwa nyumba ya Sewa Haji. Basi kuna tofauti gani? Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Nyumba ya Sewa Haji ilipochukuliwa, wale waliokuwa wakiilisha kwa jasho lao hawakuwa na hisa ndani yake, wala kura, wala haki ya kuuliza. Benki ya ushirika ikiunganishwa, mwanachama anaitwa mkutanoni. Akikaa kimya, au asipofika, kosa ni lake mwenyewe.

Twasema haya kwa sababu mkopo wa siku za misafara haujafa. Mkulima anayepokea fedha wakati mkorosho ungali na maua, na kulipa kwa kilo nyingi wakati wa mavuno, amechukua mkopo ule ule wa tajiri. Faida imefichwa ndani ya kipimo, kama ilivyofichwa ndani ya bei ya merikani. Pwani na kusini twaiita kangomba, na wenzetu wa Kagera katika kahawa huiita butura. Sisi wenyewe twawajua majirani walioingia humo, si kwa ujinga, bali kwa sababu mtoto alikuwa mgonjwa usiku, na mwenye kangomba ndiye pekee aliyefungua mlango. Kumtukana mtu huyo hakutasaidia. Kutasaidia kuwa na mlango mwingine.

Mlango huo ndio Chama kilioujaribu kuujenga kwa miaka kumi. Mazao yanapimwa kwa mizani inayoonekana na wote, yanawekwa ghalani kwa stakabadhi, yanauzwa mnadani mchana kweupe. Si kazi iliyokamilika. Malipo yamechelewa mara nyingine, nasi tuliokaa katika ofisi tumesikia maneno makali, nayo yalikuwa ya haki. Mfuko wetu wa akiba na mikopo bado ni mdogo, hautoshi kumsaidia kila mwanachama siku ya shida, na hapo ndipo kangomba hupata nafasi. Jambo hilo ndilo twaliomba mkutano mkuu ujao ulitazame kwanza, kabla ya mengine yote.

Kutoka kwa Sewa Haji tujifunze mambo matatu. La kwanza, mkopo mwema hujengwa juu ya kumjua mtu, na hakuna anayewajua wakulima wa Zinga kupita wakulima wa Zinga. La pili, hazina iliyo kichwani mwa mtu mmoja, awe mwaminifu namna gani, itazikwa naye. Kwa hiyo daftari liwe wazi, na wafundishwe vijana kulisoma. La tatu, mali isiyofanya kitu kwa ajili ya watu husahauliwa. Pembe zote zilizopita mikononi mwa Sewa Haji zimekwisha, hakuna ajuaye ziko wapi. Shule yake na hospitali yake ndizo zilizomwekea jina.

Yeye alifanya hayo peke yake, kwa mali yake peke yake, katika maisha mafupi. Sisi tu wengi. Mungu atujalie miaka kumi mingine, na wale watakaoandika kitabu cha sherehe ya ishirini wakute mfuko wa mikopo ukiwa umekua, na jina la kila mwanachama likisomeka katika daftari.

Katibu wa Chama